Mstari Niliouruka

Walinitoa uvimbe kumi na saba. Daktari Elisa alinipa hesabu hiyo asubuhi ya pili baada ya upasuaji, amesimama miguuni pa kitanda changu hospitalini Pemba, Pemba yetu ya bara, si ile ya kisiwani, uso umechoka lakini umeridhika na kazi yake. Mkubwa kuliko wote, alisema, ulikuwa kama chungwa, na mdogo kama punje ya mtama. Halafu akasema kizazi kimebaki. Akalirudia neno hilo, kimebaki, kwa sababu aliona sikuonyesha furaha. Furaha nilikuwa nayo tele, ila nilikuwa naogopa hata kucheka kwa ajili ya mshono.

Nilikuwa na miaka thelathini na nne, na mimba mbili zilikuwa zimeniharibikia. Ya kwanza ilitoka kabla ya vita. Ya pili ilitoka tukiwa tumekimbia, tunaishi watu kumi na mmoja kwenye vyumba viwili vya ndugu wa mume wangu huko huko Pemba, na nililia nimejifunika kitambaa cha kapulana usoni ili wenye nyumba wasione kwamba tumewaongezea shida. Tuliporudi kwetu Olumbi, tumbo likaanza kukua bila mimba. Likakua mpaka likawa la miezi saba, likasimama hapo miaka miwili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na watoto wa darasa la pili hawajui kunyamaza: waliniuliza professora anajifungua lini. Wazazi wao nao waliuliza, mwanzoni. Watu wa Olumbi wanajua kuhesabu. Ulipopita mwezi wa kumi waliacha kuuliza, nami nikawachukia kwa kuacha kama nilivyowachukia kwa kuuliza.

Niseme jambo moja la aibu mapema, maana bila hilo hakuna atakayenielewa. Siku ya kwenda Pemba kupasuliwa, gari letu lilisimamishwa kwenye kizuizi cha askari. Abiria wote waliambiwa washuke, wavuke kwa miguu na mizigo yao. Askari mmoja aliniangalia tumbo, akasema mama mjamzito abaki ndani. Nikabaki. Mwanamke niliyekaa naye aliporudi kwenye kiti akanipa maji yake ya chupa, akaniuliza ni mwezi wa ngapi. Nikamwambia wa saba. Neno lilitoka lenyewe, na lilikuwa tamu mdomoni. Safari yote iliyobaki yule mama alinishikia mkoba, akanifungulia dirisha, akanishauri nilalie ubavu wa kushoto, na mimi nikapokea vyote bila kupepesa macho.

Siku ya kuruhusiwa, Daktari Elisa alikaa kitandani kwangu na karatasi. Ni mtu wa kusini, lakini amekaa Pemba muda wa kutosha kujua nyumba zetu zilivyo. Aliandika kwa Kireno mistari mitano, kwa mkono wake, huku akinieleza kila mmoja. Nisiinue kitu kizito. Nimeze dawa zote mpaka ziishe. Nisilale na mume kwa miezi miwili. Tumbo lisikandwe wala kutiwa joto la aina yoyote. Na nisishike mimba kabla ya mwaka kupita. Mstari wa nne aliupigia kalamu chini mara mbili, akaniuliza kama nyumbani yupo bibi anayekanda wanawake.

Nilicheka kidogo, mshono ukanilipa papo hapo. Nikamwambia mimi ni mwalimu. Yeye hakucheka. Alisema kizazi changu kimekatwa na kushonwa pande nne, na kwamba kwa sasa ni kama nguo iliyopigwa bandi tu, ukiivuta inaachia.

"Ukitulia mwaka huu, unaweza kuzaa," alisema. "Siahidi. Lakini nafasi ipo."

Nafasi ipo. Nililitafuna neno hilo njia nzima ya kurudi, kila gari lilipoingia shimoni na mimi nikashika tumbo kwa mikono miwili. Hakuna aliyenishikia mkoba safari hii. Tumbo lilikuwa limelala, na mwanamke mwenye tumbo lililolala ni abiria kama wengine.

Sasa, huyo bibi anayekanda ndiye aliyenilea. Shangazi Chamima, dada wa marehemu baba yangu, alinichukua nikiwa na miaka minane mama alipofariki. Ndiye mkandaji wa Olumbi. Mwanamke akijifungua, awe amejifungulia nyumbani au kwenye posto ya afya, Shangazi huitwa. Asubuhi na jioni anakwenda na ndoo ya maji ya moto yaliyochemshwa na majani, anamkanda tumbo ili kizazi kirudi mahali pake, anamfunga kapulana ya kubana kutoka chini ya matiti hadi nyonga, anamnywesha uji wa pilipili manga, hivyo hivyo mpaka arobaini. Na mwanamke aliyeko mikononi mwa Shangazi haitwi tena kwa jina lake. Anaitwa mzazi. Mzazi amekula? Mzazi ameamka? Mpisheni mzazi apite. Tangu nikiwa msichana mimi ndiye niliyembebea Shangazi ndoo. Nilibeba kwa wenzangu niliosoma nao, nikabeba kwa wadogo zao, na mwishowe nikabeba kwa wasichana niliowafundisha mwenyewe kuandika majina yao. Nilitabasamu kila mlango niliopitia. Hakuna aliyejua nilivyokuwa naichukia ile ndoo.

Mume wangu Jamaldine alihamia kwetu tulipooana, kama desturi yetu. Nyumba yetu iko kwenye kiwanja cha Shangazi, mlango wetu unatazamana na jiko lake. Kazi yake ni kufunga sola huko Palma. Anakuja Jumamosi, anarudi Jumatatu alfajiri. Ni mtu mpole, si wa maneno mengi. Jina la mtoto alishalichagua siku nyingi, akanitajia mara moja tu, na tangu mimba ya pili hakulitaja tena. Niliporudi kutoka hospitali nilimwambia aliyosema daktari, kwamba nafasi ipo. Alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti akitazama uani kwa muda mrefu, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Wanawake walikuja kuniona siku ya pili. Mzazi akitembelewa, wanawake huja na sabuni, kuku, unga, vigelegele na utani wa kuwaaibisha waume. Kwangu walikuja mikono mitupu, wakakunja miguu mkekani, wakasema pole kwa sauti ya chini kama wako kilioni. Mmoja aliuliza kama inauma. Mwingine alimnong'oneza mwenzake, nami nikasikia, kama wametoa vyote au wamebakiza. Mama Wahida, jirani yetu tunayepakana naye ukuta, alikuja bila binti yake. Wahida alikuwa na mimba ya miezi minne, nilimfundisha darasa la tatu, na nilimpenda. Mama yake akaniambia waziwazi, kwa nia njema kabisa, kwamba amemkataza kuja kwa sababu si vizuri mwenye mimba kukaa na mtu aliyetoka kutolewa vitu.

Walipoondoka nililia kwa hasira mpaka mshono ukapiga kelele. Nilimwambia Shangazi kwamba nimepasuliwa kama wanavyopasuliwa wanaozaa, nimemwaga damu kama wao, na watu wanakuja kunihani. Shangazi alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Tumbo lako limetokwa na kitu kilichokaa miaka," alisema. "Aliyetokwa na kitu tumboni ni mzazi, wao wasikwambie vingine. Mimi nitakukanda, mwanangu. Nitakufunga, nitakupa uji wako, na huyo mama Wahida atakuja na kuku."

Kisha akajizuia mwenyewe. Hapa ndipo watu wote wanapokosea wanapoisimulia habari hii, nao wameisimulia sana. Wanasema bibi mjinga aliparamia tumbo la hospitali. Si kweli. Miaka ya nyuma Nesi Gracinda wa posto ya afya aliwakusanya wakunga na wakandaji, akawafundisha mambo ya hatari, na Shangazi ndiye pekee aliyeyashika yote. Wenzake walimcheka kwa uoga wake. Mwanamke aliyezaa kwa kisu Shangazi hamgusi mpaka asikie karatasi yake inasemaje. Aliniambia niende nikailete papel ya doutora nimsomee, kwa kuwa yeye kusoma hajui na Kireno hakijui.

Niliileta. Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni, mchana kweupe, mwandiko wa Daktari Elisa mkubwa na safi kuliko wa mwalimu mkuu wetu. Nikasoma mstari wa kwanza, nikautafsiri. Nikasoma wa pili. Nikasoma wa tatu, Shangazi akaguna na kusema hilo la mume amwachie yeye. Nikafika wa nne, uliopigiwa kalamu mara mbili. Nikauruka. Nikasoma wa tano.

"Ni hayo tu?" Shangazi aliuliza.

Nikamwambia ni hayo tu. Nani atamshuku professora kwamba hajui kusoma?

Nimejitafutia visingizio vingi tangu siku ile na vyote nimevitupa mwenyewe. Sikusahau. Sikudhani daktari anatia chumvi. Nilijua kilichoandikwa, na nilijua kwa nini. Ila nilikuwa nataka ile ndoo ije kwangu. Nilitaka siku chache tu, nikajiambia Shangazi ana mikono myepesi, nikajiambia nitamzuia akibonyeza. Nilitaka mtu aulize mzazi amekula, na awe anauliza habari zangu mimi. Hilo ndilo nililoweka kwenye mizani dhidi ya mtoto niliyemngoja miaka tisa. Mwanamke mwenye akili zake, aliyesomeshwa, anayelipwa na serikali kufundisha watoto wa watu.

Jioni ile ile maji yakachemka. Siwezi kudanganya kwamba sikufurahi. Shangazi alinilaza kwenye mkeka wake mwenyewe, akatandika kapulana mpya aliyokuwa ameiweka sandukuni, akaninyoosha miguu. Alianza mbali na mshono, kwenye mbavu na kiuno, kitambaa cha moto kinapanda na kushuka, harufu ya majani imejaa chumbani. Alinipaka mafuta ya nazi. Alinifunga tumbo, akanikalisha, akanishikia bakuli la uji mwenyewe ingawa mikono yangu ilikuwa mizima. Uji ulikuwa mkali kwa pilipili, ukanitoa jasho na machozi. Nje nilimsikia akimwambia mama Wahida kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba mzazi wake amepumzika, asisumbuliwe. Nilijifunika uso nikacheka peke yangu kama mtoto.

Siku ya pili mama Wahida alikuja na kuku. Sitanii. Alikuja na kuku na kipande cha sabuni, na nyuma yake wakaja wengine wawili, na mmoja akapiga kigelegele cha mzaha ambacho katikati kiligeuka kikawa cha kweli.

Siku ya tatu mikono ya Shangazi ilishuka chini, ikabonyeza. Hivyo ndivyo kazi ilivyo. Kizazi hakirudi mahali pake kwa kupapaswa. Nilihisi kitu kikichomoka ndani, kama uzi unapokatika, na maumivu yakanipanda hadi kwenye meno. Sikusema. Siku ya nne alisimama upande wa kushoto, akapapasa, akarudia. Aliniambia anasikia donge hapo, gumu, linalojaa mkono, na halipendi. Aliniuliza kama doutora hakusema neno juu ya mahali hapo au juu ya kukandwa. Alikuwa ananitazama machoni. Ningeweza kusema wakati ule. Karatasi ilikuwa chini ya mto wangu, hatua tatu kutoka tulipokuwa. Nikamwambia hakusema kitu.

"Basi ni damu chafu," alisema Shangazi, akaongeza maji ya moto.

Homa ilinijia usiku huo. Nilimeza vidonge vya maumivu, nikaficha kutetemeka siku nzima iliyofuata, nikamwambia Shangazi nimechoka tu, leo tusikande. Kulipokucha siku ya sita mkeka ulikuwa umelowa, na harufu iliyotoka kwangu niliijua kabla sijafungua macho. Shangazi aliingia na ndoo. Alisimama mlangoni, akavuta hewa mara moja, akaiweka ndoo chini pale pale na kukimbia kwa miguu yake ya miaka sitini na nane hadi posto ya afya kumleta Nesi Gracinda. Nesi hakuniuliza kitu. Aliita gari.

Njia sikuiona. Nakumbuka Shangazi amenipakata kichwa na kusoma dua ile ile bila kupumzika, na Jamaldine akipanda njiani huku fulana yake ina vumbi la kazi. Nakumbuka pia nilihesabu miezi, nikaona kwamba kama nikipona haraka bado mwaka utafika Aprili, na baada ya Aprili nafasi ipo.

Nilipozinduka Pemba kulikuwa na bomba linatoka ubavuni na Daktari Elisa amekaa kwenye kiti. Madaktari hawakai kwenye kiti, kwa hiyo nilijua. Alisema mishono ya ndani iliachia, damu ikakusanyika, ikaoza, na usaha ulikuwa umeshaingia kila mahali. Alisema alijaribu kukiokoa. Niliona kuwa alijaribu kweli, kwa sababu sauti yake haikuwa ya kunifariji, ilikuwa ya mtu aliyekasirika na hajui amkasirikie nani.

"Kizazi kimetoka, Sumaia," alisema. "Ningekiacha, ungekufa jana."

Nilimwambia afadhali angekiacha. Jamaldine, ambaye alikuwa amesimama dirishani, alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mwanamume. Daktari alimngoja anyamaze. Ndipo aliponiuliza nani alinikanda, kwa sababu alama za joto zilikuwa bado juu ya ngozi. Nikasema ni shangazi yangu. Akaniuliza kama nilimsomea karatasi.

"Nilimsomea," nilisema.

Ni kweli nilimsomea. Jamaldine aligeuka kutoka dirishani, nami niliuona uso wake ukijifunga kama mlango, lakini haukunifungia mimi. Nilipata nafuu. Mungu anisamehe, nilikuwa nimelala pale nimetobolewa, kila kitu kimekwisha, na bado nilipata nafuu.

Tukarudi Olumbi. Jamaldine alitangulia kushuka garini, akamkuta Shangazi uani amenitandikia. Mtu mpole akageuka mwingine. Alimwambia mbele ya mama Wahida, mbele ya majirani waliokuja kutupokea, kwamba amemuua mtoto wake. Alisema doutora aliandika usikande, na Sumaia alikusomea kwa mdomo wake, na wewe kwa ujuaji wako ukakanda.

Shangazi aligeuka akaniangalia. Nilikuwa nimeshikilia mlango wa gari. Aliniangalia kwa muda wa mtu kufunga na kufungua kifungo, na katika muda huo alikumbuka kigoda, karatasi, mistari minne niliyomsomea, na swali aliloniuliza siku ile ya nne. Nilimwona akikumbuka. Mdomo wangu haukufunguka. Kisha akainamisha kichwa kwa mkwe wake, yeye ambaye hajapata kumwinamia mwanamume.

"Alinisomea," alisema. "Nilisahau, baba. Ni uzee."

Hakuna aliyemwita tena. Olumbi nzima kuanzia barabara kuu hadi mashambani, wanawake waliokwisha kupita mikononi mwake, wanaotembea wima leo kwa sababu yake, waliambizana kwamba mikono ya Chamima imepata mkosi. Watoto wa wanawake aliowakanda walianza kumwamkia kwa mbali. Majani ya kuchemshia yalikauka kwenye uzi jikoni na hakuyaondoa. Mimi alinihudumia vile vile. Alinipikia, akanifulia vitambaa vya kidonda, akanishika bega kwenda chooni. Hakunilaumu hata kwa kukohoa. Usiku mmoja nilijitahidi, nikaanza kusema, Shangazi, ile karatasi. Akaniwekea kiganja mdomoni, kiganja kinachonuka kitunguu, akaniambia nilale. Ningependa angenipiga.

Nilirudi shuleni muhula ulipoanza. Tumbo limekuwa bapa kama la msichana, na kapulana zangu zote zinanizunguka mara mbili. Mwezi wa kwanza bado niliamka nikihesabu siku zangu, nikakumbuka kwamba hakuna cha kuhesabu. Watu wanasema hali hii huzoeleka. Mimi sijaizoea. Kila nikimwona mtoto wa darasa la kwanza anashindwa kufunga kiatu, namfunga, halafu nakwenda nyuma ya darasa kusimama mpaka nipate pumzi.

Wahida alijifungua Alhamisi, mtoto wa kiume, kwenye posto ya afya, salama. Wakamleta nyumbani kwa vigelegele. Mimi na Shangazi tulikuwa jikoni tunamenya mihogo. Tulimsikia mama Wahida akitoka, hatua zake zikaja hadi usawa wa lango letu, zikapunguza mwendo, kisha zikapita. Alikwenda kumwita mwanamke mmoja wa upande wa pili wa barabara, ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa hajui hata kushika kitambaa. Baada ya muda tukasikia maji yakimwagwa kwenye ndoo, na Wahida akilalamika.

Shangazi aliacha kumenya. Aliinamisha sikio kuelekea ukutani.

"Maji hayo ni ya moto mno," alisema. "Na anaanzia chini. Hawaanzii chini."

Wahida akalalamika tena. Vidole vya Shangazi vilikuwa vinatembea vyenyewe juu ya paja, vinakanda hewa, naye hajui. Nikatupa kisu. Nilimwambia imetosha, nakwenda kwa mama Wahida sasa hivi, na nitawaambia wote, wanawake wote walioko mle ndani, kwamba mimi ndiye niliyeruka mstari na kwamba yeye aliniuliza mara mbili.

Alinishika mkono. Nguvu zile bado anazo.

"Kaa," alisema. "Ukisema leo, kesho Jamaldine amesikia. Mtoto huna, mwanangu, na kizazi huna. Mume unaye. Mimi jina langu limeshazeeka, waache walichukue."

Shangazi hakujua. Jumatatu alfajiri, akifunga viatu vyake vya kazi, Jamaldine alikuwa ameniambia kwa upole wake wote kwamba kuna msichana huko Palma, kwamba wazee wameshazungumza, kwamba mimi hataniacha, atagawa siku kwa haki. Alilia akinieleza. Kwa hiyo hapakuwa na kitu ndani ya nyumba yangu kilichobaki cha kulindwa. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea hatua ishirini, kusema sentensi tatu, na kumrudishia mwanamke mzee kazi yake kabla yule mwingine hajamuumiza Wahida.

Niliangalia ukuta. Nikafikiria nyuso zao zikinigeukia zote kwa pamoja.

Nikamwambia Shangazi ni kweli, mume ninaye, nikaokota kisu na kuendelea kumenya mihogo.